Kisima Kilipopiga Simu

Qabale alibonyeza kitufe, akabana pumzi.

Mezani, katika chumba alichoishi na baba yake mtaani Wabera, kulikuwa na kompyuta na kibao cha saketi kinachoenea kiganjani. Kibao hicho ndicho kingewapigia simu wafugaji wa Kulamawe pampu ya kisima ikizimika, wasiswage ngamia hadi kwenye birika kavu.

Programu aliiandika mwenyewe, na kompaila ya kompyuta ikaitafsiri kwa lugha ya kibao. Shida ilikuwa linka, ile inayounga vipande viwe kitu kimoja: kila mara ilitoa mzigo mkubwa usioenea ndani ya kibao. Mafundi wenzake walimshauri atafute kibao kikubwa. Akakataa. Akaleta linka nyingine, ngeni kabisa, akahangaika nayo mpaka kompaila ikaikubali.

Safari hii skrini haikutoa hata kosa moja. Mzigo uliingia, na nafasi ikabaki.

Akachomoa waya aliouweka badala ya pampu kwa majaribio. Taa ndogo nyekundu ikawaka, ikamulika hina iliyofifia kwenye kidole chake.

Simu ya baba yake ikalia. Mzee aliitoa mfukoni, akaitazama kwa mashaka.

“Hii namba ni ya nani?”

“Ni kisima, aabo. Kinakwambia pampu imezimika, usilete ngamia.”

Mzee akaipokea. “Salaam aleikum,” akakiambia kisima, kwa heshima zote.

Kisha akafungua mlango, akaita majirani kwa sauti ya malishoni: “Njooni! Njooni muone kazi ya binti yangu!”