Salamu za Mikono

Selemba, fundi wa video, alifungua salamu za mama wa bibi harusi kwenye kompyuta ya ukumbini. Skrini ikabaki nyeusi, wageni wakasikia milio ya kuku tu.

“Si haba, sauti ipo,” mwenye ukumbi akamfariji.

“Mama ni kiziwi,” bibi harusi akasema taratibu. “Maneno yake yako mikononi.”

Selemba alimkumbuka mama huyo, mgonjwa asiyeweza kusafiri, alivyoomba arekodiwe upya, asije akakosea neno. Akakimbia studio, akaitoa video ile upya kwa MP4 ya kawaida, inayofunguka kwenye kompyuta yoyote, akaijaribu kwenye kompyuta kuukuu ya jirani, ndipo akarudi.

Safari hii mama alitokea, amekaa uani, mikono yake ikizungumza. Bibi harusi akaisogelea skrini, akainua mikono yake yenye hina, akaanza kumjibu.