Shahidi Aliyemwagiliwa Maji

Shahidi mkuu wa kesi ile aliingia mahakamani amebebwa kwa mikono miwili, akawekwa dirishani penye jua, kisha karani akammwagilia maji.

Lilikuwa ua jekundu kwenye chungu.

Mambo yalifika hapo kwa sababu kila mtu alikuwa amechoka. Mshtakiwa, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kemia, alikamatwa na mfuko wa unga mweupe aliouchanganya mwenyewe chumbani kwake. Sheria ilikuwa na orodha ya dawa za kulevya, na unga huo haukuwamo. Ule aliouza mwaka uliopita ulikuwamo. Ndiyo maana akaugeuza kidogo, ukawa mwingine. Juu ya mfuko aliandika kwa herufi kubwa: Chakula cha maua. Si kwa kuliwa na binadamu.

Mwendesha mashtaka alisema wateja wa Kemia ni vijana wasiomiliki hata sufuria, sasa hayo maua wameyapanda wapi, kichwani? Wakili akajibu kwamba kupenda maua si kosa. Walivutana hivyo mpaka hakimu, mzee mwenye maumivu ya mgongo aliyekunja uso tangu asubuhi, akagonga meza.

"Mnasema ni chakula cha maua," alisema. "Basi leteni ua, tulilishe."

Amri ikatoka. Mfuko ukae ofisini kwa hakimu, kabatini, na kila asubuhi karani achote kijiko kimoja alilishe ua. Likinawiri, Kemia aende nyumbani. Likifa, basi ameuza sumu kwa jina la uongo, na kwa kosa hilo sheria ilikuwa na miaka ya kutosha.

Kwenye benchi la nyuma, dada yake Kemia alianza kuihesabu miaka hiyo kwa vidole. Alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyemlea Kemia tangu mama yao alipofariki. Na ndiye mtu pekee aliyewahi kuujaribu unga ule kwenye mmea. Siku alipoukuta uvunguni mwa kitanda, aliumwaga kwa hasira kwenye mrihani wake nje ya mlango. Kufika jioni mrihani ulikuwa umelala chali kama mlevi, na haukuamka tena.

Hilo hakumwambia mtu. Alikwenda mahabusu, akamwambia mdogo wake kupitia wavu kwamba atamtoa kwa njia yoyote ile, lakini kwanza ale kiapo. Kemia akaapa kwa kaburi la mama yao: akitoka hashiki unga tena, atakaa kwenye cherehani ya pili, ashone suruali.

"Na zipu zake," dada akasema.

Kemia akaegemeza paji la uso kwenye wavu. Zipu alikuwa akizichukia tangu utotoni.

"Na zipu zake, dada."

Tangu siku hiyo dada alikuwa hakosi mahakamani. Kesi za watu hazikumhusu. Macho yake yalikuwa dirishani. Mwanzoni ua lilijikaza. Baadaye jani la chini likawa njano, likafuata la juu yake, kisha shina likaanza kuinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka.

Katika jengo lile lote, aliyekuwa na raha ni hakimu peke yake. Mgongo ulikuwa umemwacha. Aliingia akipiga mluzi, akawaita washtakiwa wanangu, na ugomvi wa ukuta kati ya majirani wawili, uliozunguka mahakamani miaka na miaka, aliumaliza kabla wakili hajapata miwani yake. Karani alinong'ona kwamba mzee lazima amepata daktari mzuri.

Dada hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alikwenda duka la vyombo akanunua ua la plastiki, jekundu, lenye majani kama yale yale. Saa ya chakula cha mchana, ukumbi ulipobaki mtupu, alilitoa kikapuni, akang'oa lile linalokufa, akachomeka la kwake na kushindilia udongo kwa kidole gumba. Alirudi nyuma hatua chache akaitazama kazi yake kama anavyotazama gauni la bibi harusi. Mshono hauonekani.

Usingizi ukamrudia. Wakili alipomuuliza mbona siku hizi anatabasamu, alisema amemwachia Mungu.

Siku ya hukumu, karani alibeba chungu hadi mezani kwa hakimu. Dada akainua macho.

Ua lilikuwa limerefuka. Lilikuwa na matumba mawili ambayo yeye hakuyanunua, na nyuki alikuwa akilizunguka. Mwendesha mashtaka, asiyeamini, alichuma jani moja, akalivunja, likamchuruzikia utomvu vidoleni. Akakaa chini akijipangusa vidole.

Dada alimtazama wakili. Wakili alikuwa ameachama kuliko watu wote. Alimtazama karani. Karani alikuwa akikung'uta mfuko wa unga juu ya meza, na hakikudondoka kitu.

"Mahakama imejiridhisha," hakimu alisema kwa bashasha. "Hiki ni chakula cha maua, tena kizuri. Mshtakiwa yuko huru."

Kemia akageuka kumtafuta dada yake, machozi yakimlengalenga. Dada hakumwona. Alikuwa akitazama mkono wa hakimu ulioinuliwa kuwanyamazisha watu, na udongo mweusi uliojaa chini ya kucha zake.

"Kwa sharti moja tu, mwanangu," hakimu aliendelea, "na ole wako ulivunje. Kazi hii usithubutu kuiacha."