Mlango wa Shemsa

Hapa Malmö, Uswidi, kila nyumba ya Kiislamu huchagua tafsiri moja ya Kurani siku ya ndoa, na milango huitii. Mlango wangu unaitii ile tuliyoandika sisi wanawake, jikoni kwangu.

Leo binti yangu Shemsa alinipigia simu: uchungu wa kuzaa umeanza. Nilifika mbio. Mlango wake ukaniambia mumewe, Hilali, hajatoa idhini.

“Fungua, mwanangu.”

“Haufunguki, mama. Hilali hapokei simu.”

“Yeye ndiye aliyekuchagulia tafsiri hii?”

“Nilichagua mwenyewe. Nyinyi kule jikoni mlibishana juu ya kila aya mpaka chai ikapoa. Hii haina mabishano.”

Nikamsikia akikaa chini upande wake. Nami nikakaa upande wangu, nikimwambia avute pumzi, asisukume kwanza.