Hitaji Lisilo Kwenye Orodha

Sheria ilitaka kila mzee aliyepoteza kumbukumbu avae bangili inayosema anachohitaji. Ya Bi Mize ilijua mahitaji kumi na moja. Kila alasiri, alipoanza kuuvuta mlango huku akilia, ilisema, "Hofu. Mpe kidonge."

Bintiye Raya alimpa, hadi siku alipokumbuka kwamba hiyo ndiyo saa ambayo mama yake, aliyeuza vitumbua kwa miaka arobaini, alikuwa akichagua mchele wa kuroweka. Akampakatisha ungo uliojaa mchele. Vidole vikaanza kutoa chuya, vyepesi kama zamani, na bangili ikanyamaza.

Siku ya nne mkaguzi wa bangili akabisha hodi, kidonge mkononi.

"Hajameza kidonge tangu Jumatatu. Anahitaji nini?"

"Kazi yake," Raya akajibu.

Mkaguzi akapekua orodha. "Hilo halimo."

Bi Mize akainua macho. "Na wewe umesimama tu, mchele wote huu? Kanawe mikono, uje tusaidiane."

Mkaguzi akakitia kidonge mfukoni, akavua viatu. Alipokunja mikono ya shati ili anawe, Raya akaona naye amevaa bangili, ingali mpya.