Mtihani wa Mkwe wa Tatu
Kondoo wa nne alipotumbukia kwenye shimo la msingi, Stamatis alijua harusi inamponyoka.

Alikuwa mbele ya televisheni ya mzee Panagos, ndani ya suti ya kuposea, ameshika pedi ya gemu kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga. Gemu yenyewe ni ya vitofali: umepewa dunia nzima na kondoo wake, jenga utakacho. Mzee hakumpa mtu binti kabla hajamwona akicheza. Garifalia, binti mwenyewe, alichungulia kutoka jikoni, akitafuna ncha ya kitambaa cha vyombo.

"Wakwe zangu wawili walikaa hapo hapo," mzee alisema, akimenya chungwa. "Wa kwanza alijenga kasri. Wa pili kasri na bahari yake. Hawakuinuka hata kwenda haja."

Stamatis akabonyeza vitufe. Yeye ni mwashi. Akajenga anachokijua: nyumba ya vyumba viwili, na juu ya paa akaacha nguzo nne zimechomoza, kama kila paa la mji wao, Kalamata.

"Hizo za nini?"

"Za ghorofa ya watoto wakioa, mzee."

"Kwenye televisheni?"

Jikoni mtu alicheka, kisha akajitia kukohoa.

"Haya, endelea."

"Niendelee na nini? Nyumba imekwisha."

"Haiishi, mwanangu. Unachimba, unajenga, unachimba tena."

Saa nzima ikapita. Stamatis alisimamisha ukuta, hakuna wa kumwambia umepinda. Akasimamisha mwingine, hakuna wa kumtania juu ya jukwaa. Alipiga miayo mpaka masikio yakalia. Alimpenda Garifalia kufa, lakini vidole viligoma.

Akaiweka pedi chini.

"Mzee, nisamehe. Kutwa napanga matofali, nachotaka ni kuona watu wamehamia na mapazia yao. Humu hahamii mtu. Binti yako namtaka, ila mchezo huu umenishinda."

Mzee Panagos alimgeukia mkewe. "Evanthia, lete divai. Halafu kamwite padri, haraka, kabla hajazoea."

"Lakini mzee, si nimeshindwa?"

"Umeshindwa vizuri sana, baba." Mzee alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye maji ya chungwa. "Waliofaulu wako chumba cha nyuma wanacheza tangu Pasaka ya mwaka juzi. Chakula tunawapitishia dirishani."