Barabara ya Watu wa Jumamosi

Marta aling'oa ubao wa mwisho wa banda la mbuzi, akaushusha mbio hadi kwenye kona ya barabara, akaulaza juu ya tope. Mbuzi wake wawili walibaki uwanjani, wakishangaa kukosa nyumba.

"Bado panabonyea," alisema mzee Sifaeli, jirani yake, akipakanyaga. "Lete na mlango."

Akaenda kuleta na mlango.

Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu kazi ya wiki nzima. Mwinuko wote wa barabara, kutoka darajani hadi ukingo wa msitu wa Meru, ulikuwa umetota, na tayari ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumamosi. Watu kumi na wanne wa kitongoji kile walikuwa wakimwaga mawe, migomba iliyokatwakatwa na pumba za kahawa. Kila baada ya muda mmoja wao alisimama, akatega sikio kuelekea bondeni, kisha akainama tena kwa haraka zaidi.

Lomayani, kijana wa bodaboda, alipanda kutoka Tengeru, akazima pikipiki kuwatazama.

"Shikamooni. Naona leo mmekuwa wakandarasi."

Waliendelea kumwaga mawe.

"Mama Elisaria," akamgeukia Marta, "hao watu wa Jumamosi si ndio waliommaliza jirani yenu Sumari? Halafu ninyi mnawatandikia mkeka. Mtu anayekuja kukuchukulia shamba unamchimbia shimo, humpangii mawe."

"Tulichimba," alisema mzee Sifaeli bila kuinua kichwa. "Wiki ile ya Sumari tulichimba shimo la kufika kifuani. Magari yao, yale mashangingi, yakatumbukia, yakanguruma humo saa nzima, moshi mtindo mmoja. Yakatoka. Wakachukua eka nzima ya Sumari, karoti zikiwa ardhini."

"Kwa hiyo mmekuwa waoga."

"Ndiyo," alisema mzee. "Shika jiwe."

Lomayani hakushika jiwe, lakini hakuondoka.

Karatasi ya serikali ilikuja mwezi wa pili, ikabandikwa ukutani kwa balozi wa nyumba kumi. Ilisema mashamba yote ya juu sasa ni ukanda wa hifadhi. Watakapopagusa watu wa Jumamosi, pasilimwe tena milele. Ambapo hawajapafikia, wenyeji waendelee kulima. Ilikuwa na mhuri. Wameru wanaijua mihuri. Ile amri ya Mwingereza ya mwaka hamsini na moja, iliyowatoa Engare Nanyuki nyumba zikiungua nyuma yao, nayo iliandikwa kwa lugha safi. Mama yake Marta aliondoka kule akiwa mtoto wa mgongoni.

Sumari alipuuza mhuri, akarudi kuvuna karoti zake. Alilala mahabusu siku nne.

Na watu wale walikuwa wakiteremka. Walianzia msituni, shamba kwa shamba, na walipoishia Jumamosi hii ndipo walipoanzia Jumamosi iliyofuata. Kati yao na nusu eka ya Marta sasa kilibaki kipande chembamba cha mzee Sifaeli, ambacho mzee mwenyewe alishakihesabu kuwa kimekufa. Viazi vya Marta vilikuwa vimebakiza wiki tatu kuvunwa. Hakuwa na shamba lingine, wala mume, wala kaka wa kumgawia.

Saa tatu magari yakasikika. Ngurumo ya kwanza ilitoka upande wa chini wa daraja, injini ikilia kwa gia nzito, na Marta akamgeukia mzee.

"Limekwama?"

"Nyamaza." Mzee alikuwa amefumba macho. "Limepita. Linapanda taratibu. Sikia."

Mashangingi matatu yalipita juu ya mawe, juu ya pumba, juu ya mlango wa mbuzi, kwa upole kama waumini wanaokwenda ibadani. Marta akafuta tope mikononi kwa khanga.

Kiongozi wao, Frederick, alishuka na buti zake safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamkukwama?"

"Leo hata kidogo. Ajabu."

"Na pale darajani? Nimesikia mnanguruma."

"Ni pale tu, mama, dakika moja. Una upendo wewe."

Frederick akatoa simu, akasoma kwa sauti wenzake wasikie. Kutoka Arusha mjini hadi pale, magari yote matatu yalikuwa yamechoma lita kumi na tisa. Wiki ya Sumari zilikuwa hamsini na nane. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Mama, klabu yetu inaupenda sana huu mlima. Lakini kila tukija kuutembea, magari yetu yanauchafulia hewa, na jambo hilo linatutesa rohoni. Ndiyo maana tukajiwekea toba. Kila lita tuliyochoma, miche kumi."

Wakafungua milango ya nyuma, wakaanza kushusha miche. Mche wa mia moja na tisini, wa mwisho, uliingia ardhini ndani ya kipande cha mzee Sifaeli, hatua sita kutoka tuta la kwanza la viazi. Marta akakaa chini kwenye majani, akashusha pumzi.

"Wanachama wetu wengi wana vigari vidogo," alisema Frederick wakati wa kuaga, akiitazama ile barabara kwa furaha. "Walikuwa wanaliogopa tope lenu. Nimeshawarushia picha, mama. Jumamosi ijayo tunakuja magari sitini."