Maneno ya Wimbo wa Tatu

Shangazi aliwahesabu watoto vichwa, wote kumi na wawili, akafunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo na kujivika ufunguo shingoni kama kidani.

"Mkisikia makofi, msichekecheke. Mtoto asiye na kwao hana la kuchekea," aliwaambia kwa lugha ya ugenini. Ya kwao hakuijua hata ya kuombea maji. Wala hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Ukumbini wageni walikuwa wanaingia. Leo ilikuwa karamu na nyimbo za mataifa mawili, kuwasaidia watoto wasio na makazi wa nchi ya mbali. Kila sahani iliwekewa kadi yenye picha ya hao hao kumi na wawili: *Hawana mama, hawana paa.*

Msichana aliyeongoza nyimbo, waliyemwita Sauti, alikuwa na mama. Paa pia lilikuwapo, la bati, linavuja upande wa jikoni. Mama aliambiwa mwanawe anakwenda kusoma na kuimba muhula mmoja, atarudi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Leo unayasema?" alinong'ona Kidoti, msichana wa ngoma.

"Leo nayasema."

"Yasikukute ya yule dada."

Aliyeongoza kabla ya Sauti aliwahi kuyabadili maneno ya wimbo, mara moja tu. Kulipokucha kitanda chake kilikuwa kitupu, wakaambiwa amehamishwa. Nani alimchongea? Tangu hapo watoto walitazamana kwa pembe za macho, kila mmoja akimdhania mwenzake.

"Yeye alimwambia kila mtu," alisema Sauti. "Haya tumetunga mimi na wewe. Wenzetu watayasikia jukwaani."

Nyimbo za kwao huenda hivi: kiongozi hurusha maneno, yoyote yanayomjia, na wenzake hurudisha jibu lile lile mpaka mwisho. Jibu la wimbo wa tatu lilikuwa "Ni kweli, ni kweli."

Walipotolewa jukwaani, wakaimba wa kwanza, wakaimba wa pili. Kidoti akapiga ngoma ya wimbo wa tatu.

"Mama yangu yu hai," Sauti akarusha.

"Ni kweli, ni kweli," wenzake wakajibu, kwa mazoea.

"Mlango wetu hufungwa kwa nje."

"Ni kweli, ni kweli."

"Anayenielewa, anitoe."

Hapo wawili watatu walikwama. Kidoti akazidisha ngoma, waliobaki wakajibu.

Ukumbi mzima ulisimama. Makofi hayo! Mwanamke wa meza ya mbele alifuta machozi, akamwambia mumewe kwamba wimbo ule ni mtamu ajabu. Sauti aliona maneno yake yamepita juu ya vichwa vya watu wote na kutokea dirishani.

Wote isipokuwa mmoja. Kwenye mlango wa jikoni alisimama mama wa makamo aliyevaa aproni. Amejiziba mdomo kwa kiganja, macho kwa Sauti.

Watoto walipoketishwa kula, mama yule alikuja na bakuli la mchuzi. Akainama.

"Mwanangu," alisema, kwa lugha ya kwao, na lafudhi ile ile ya kuvuta mwisho wa neno. "Nimekusikia. Usinitazame, kula."

Kijiko kilimponyoka Sauti. Miaka mitatu hakuna mtu mzima aliyemwita mwanangu.

"Mama, wewe ni wa kwetu?"

"Kwa pua hii, ningekuwa wa wapi?"

Sauti akacheka. Alikuwa amesahau kwamba amekatazwa.

"Omba ruhusa ya choo. Mimi niko jikoni."

Ruhusa ilitolewa. Jikoni palifuka mvuke, masufuria yakigongana. "Umemwokota wapi huyo?" mpishi alipaza sauti. "Mtilie nyama, atakatika!" Mama yule alimshika Sauti mkono, wakaingia kwenye ujia mwembamba uliopita nyuma ya majiko.

"Mama yako ana simu?"

"Anayo. Namba naijua kwa kichwa."

"Hodari. Na maneno yale, mtoto wewe, uliyatoa wapi?"

"Tulitunga na Kidoti, yule wa ngoma."

"Na wale wengine?"

"Hawakujua kitu. Waliitikia tu." Sauti akasimama. "Mama, Kidoti tusimwache. Akibaki peke yake watamfanya vibaya."

"Tutamwachaje? Nitamfuata mwenyewe. Wewe tembea."

Wakatembea. Kelele za ukumbi zikabaki nyuma. Miguu ya Sauti ilitaka kukimbia, lakini alijizuia, akahesabu milango: wa stoo, wa choo, wa ngazi. Alikwisha kupanga neno la kwanza atakalomwambia mama yake kwenye simu. Angesema, "Ni mimi," halafu angenyamaza amsikie akipumua.

Mbele yao ukabaki mlango mmoja. Mama yule aligonga mara mbili, taratibu, ukafunguliwa kwa ndani.

"Leo ni huyu," alimwambia Shangazi kwa lugha ya ugenini, bila kuuachia ule mkono, "na yule wa ngoma."